Laptopu ni yako, ila aliyekuchagulia mfumo ni fundi

Wadau, mjadala wa programu huria (zile ambazo msimbo wake, yaani maandishi yanayoziunda, uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha) hapa Dar huwa tunauanzia kwenye bei na ndo maana hauendi popote. Mtu anasimama anasema Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ni bure, hulipii leseni, alafu anashangaa mbona hakuna anayeshtuka. Hawezi kushtuka mtu, maana mjini hapa hata Windows watu wanaichukulia ni ya bure, unashuka Kariakoo au Mwenge na laptopu yako, unampa fundi hela ya kazi yake, anachomeka flashi, ukirudi baada ya lisaa unakuta Windows ipo, Office ipo, Photoshop ipo, na wenye programu zao hawajapata hata mia. Kwa hesabu hiyo Linux haina cha kukuongezea. Hoja yenye nguvu iko kwingine kabisa, ile mashine ikishawaka nani mwenye amri nayo? Na kabla hata ya hapo kuna swali ambalo sioni tukiulizana: nani hasa aliyechagua kilichomo ndani?

Sio wewe. Kwenye laptopu aliyechagua ni fundi, kwenye simu aliyechagua ni kiwanda. Sehemu pekee ambayo mtumiaji wa kawaida wa Dar anaweza kuchagua kwa mkono wake mwenyewe, usiku huu huu, bila kumuomba mtu, ni brauza, na hiyo ndo tunayoipuuza kuliko zote, tunabonyeza ile iliyokuja na simu na maisha yanaendelea. Kwaiyo mimi nikiongelea uhuru wa programu naongelea hizo meza tatu, laptopu, simu na brauza, kila moja kivyake, maana ukizichanganya unaishia kumwambia mwanafunzi wa Kijitonyama maneno ambayo hana uwezo wa kuyafanyia kazi.

Tuanze na fundi. Siku moja kaa pembeni ya meza yake uangalie kwa utulivu anachofanya. Akishamaliza kuinstoli, Windows inaanza kudai leseni, basi anafungua setingi anaizima Defender, yule mlinzi wa virusi aliyekuja na Windows yenyewe, na anaizima kwanza kwa sababu asipoizima faili lake litafutwa kabla halijafanya kazi. Kisha anaingia kwenye flashi, anabonyeza kulia, anaipa aktiveta, yaani faili la kuidanganya Windows kwamba imelipiwa, haki zote za mashine, kinatokea kidirisha cheusi, maandishi yanapita chapchap, kidirisha kinajifunga, kazi imeisha. Sasa niambie, ndani ya lile duka nani anajua lile faili limefanya nini? Fundi hajui, alilipata kwa fundi mwenzake. Wewe hujui. Aliyelitengeneza hana jina wala anuani. Na limepewa haki za juu kabisa wakati mlinzi amezimwa. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilitoa taarifa kuhusu KMSPico feki, aina hii hii ya aktiveta, zilizokuwa zinabeba kirusi kinaitwa Cryptbot, kazi yake ni kuchota paswedi zilizohifadhiwa kwenye brauza pamoja na pochi za sarafu za kidijitali. Mashine ya namna hiyo ndo tunayoingilia benki, ndo tunayoandikia tasnifu, ndo ya ofisi yenye taarifa za wateja, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ambayo imeshaanza kutumika tangu Mei 2023, yaani ofisi ikivuja kwa sababu ya faili la flashi hilo sio la fundi tena, ni la kwako.

Simlaumu fundi hata kidogo. Anafanya anachoombwa, na anachoombwa ni kile anachokijua mteja. Ninachosema ni kwamba pale ndo pana maamuzi, sio kwenye sera wala kwenye makongamano. Fundi mmoja mwenye wateja wengi akiwa na flashi ya Linux Mint, moja ya matoleo ya Linux, pembeni ya ile ya Windows na akajua kuieleza kwa maneno mawili matatu, atabadilisha mashine nyingi kuliko semina yoyote.

Na kwa sasa ana sababu ya kibiashara kabisa. Oktoba 14, 2025 Microsoft walisitisha apdeti za kawaida za Windows 10. Kuna mwaka mmoja wa nyongeza mpaka Oktoba 2026, unalipia dola 30 au unakubali kuingia na akaunti ya Microsoft na kuwapa setingi zako wazihifadhi kwao, baada ya hapo basi. Windows 11 nayo inadai TPM 2.0, chipu ya usalama, na, kwa upande wa Intel, prosesa za kuanzia kizazi cha nane, zile zilizoanza kutoka 2017. Sasa angalia laptopu za mtumba zilizojaa mjini, chukua HP EliteBook 840 G3, i5 ya kizazi cha sita, bodi ngumu, kibodi nzuri, ukiitia SSD na RAM ya GB 8 inakimbia bila shida. Chuma hakina kosa lolote. Kimekataliwa kwa karatasi tu, na aliyekikataa hakukinunua yeye. Hapo ndo mtu anaona kwa macho maana ya kutokuwa na amri, sio nadharia, ni laptopu uliyoinunua kwa jasho lako inaambiwa umri wake na mtu aliyeko Marekani. Mafundi wanajua njia ya kulazimisha Windows 11 iingie humo, lakini Microsoft wenyewe wanasema mashine za hivo hawazihakikishii apdeti, kwaiyo umerudi pale pale. Linux Mint 22 iliyotoka 2024 inapata apdeti mpaka 2029 na mashine hiyo inaiendesha vizuri sana.

Watu wa steshenari hili somo wanalielewa haraka kuliko hata wenye digrii za IT. Wao wameshaona printa inakataa katriji iliyojazwa upya wakati wino upo, inasema sio ya kwetu. Mwaka 2016 HP walitoa apdeti ya printa za OfficeJet ikaanza kukataa katriji za kampuni nyingine, kelele zikawa nyingi dunia nzima. Na historia yote ya programu huria imeanzia kwenye printa. Richard Stallman alikuwa MIT, maabara yao ikapewa printa ya Xerox ikawa inakwama karatasi kila mara, yeye alishazoea kuibadilisha programu ya printa ya zamani ili iwatumie watu ujumbe ikikwama, kwa hii mpya akaomba msimbo akanyimwa, aliyekuwa nao alishasaini kwamba hatampa mtu. Mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU, wa kutengeneza mfumo mzima ulio huria. Uhuru anaoudai ni wa mambo manne, uendeshe programu kwa kazi yoyote, uisome na uibadilishe, uigawe kwa mwenzako, na uigawe hata ile uliyoibadilisha. Hayo ndo yote. Linus Torvalds akaleta kiini cha Linux 1991, mwaka uliofuata akakiweka chini ya GPL, leseni ya GNU inayolinda uhuru huo, na GNU na kiini hicho vikiungana ndo tunapata kitu cha kuwasha laptopu.

Sasa kuna ndugu zangu ambao wakishaielewa hii wanaenda mpaka mwisho, wanasema usiinstoli Mint wala Ubuntu, weka Trisquel, toleo lingine la Linux, maana ile haina hata punje moja ya programu iliyofungwa. Nawaheshimu, na wana haki kabisa kusema hivo, maana kweli Mint inakuja na njia rahisi ya kuweka draiva zilizofungwa, na Ubuntu mwaka 2012 waliweka matokeo ya Amazon kwenye sehemu ya kutafutia mafaili ya mtu, kitu ambacho hakikupaswa kufika kwenye kompyuta ya mtu bila kuulizwa. Lakini laptopu za mtumba ni chuma za kuokoteza, nyingine ina kadi ya Wi-Fi ya Broadcom au Intel ambayo bila faili lililofungwa la mtengenezaji haishiki mtandao. Ukimwekea binti wa chuo Trisquel akifika geto Wi-Fi haipo, kesho yake anarudi kwa fundi na Linux hataigusa tena maisha yake yote. Debian, toleo lingine la Linux linalotengenezwa na watu wa kujitolea, walilijadili hili kwa muda mrefu, 2022 wakapiga kura, na Debian 12 iliyotoka Juni 2023 ikaja na hayo mafaili ya vifaa ndani ya kiinstola, ila wanakuonyesha na unaweza kuyakataa. Mimi naona ule ndo mfano wa kufuata, kwa sababu waliamua watengenezaji wao wenyewe, kwa kura, mbele ya kila mtu, na waliochukia bado wanaweza kuchukua Debian ile ile wakajenga yao. Kampuni gani ya programu zilizofungwa imewahi kukupigisha kura wewe?

Kwaiyo ushauri wangu kwa laptopu ya kawaida ya Dar ni Mint, na ukiwa na fundi mzuri Debian. Ukiwa unatumia AutoCAD au programu ya uhasibu ambayo haina toleo la Linux, acha Windows kwenye kipande chake cha diski, utaingia unapoihitaji. Na kuna faida moja ndogo ambayo wanafunzi wataipenda, ule ugonjwa wa flashi ukiitoa steshenari mafolda yote yamekuwa shotikati, ukibonyeza hayafunguki au yanakuambukiza na mashine yako. Chomeka flashi hiyo hiyo kwenye Mint. Zile shotikati zimekaa tu kama mafaili ya ajabu yasiyo na nguvu, na folda lako la ukweli lipo pale pale, kirusi kiliweka tu alama ya kulificha kwenye Windows na Linux huwa haiiangalii alama hiyo. Unakopi kazi yako, unafuta uchafu, unaendelea.

Alafu wanaosema haya mambo sio ya kwetu, ni ya wazungu wenye muda, naomba wakumbuke tulipotoka. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye mradi wa Kilinux pamoja na watu wa IT+46 kutoka Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, na iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi, hawakusubiri kampuni ione kama Waswahili tuna soko. Mwaka 2015 ikaja Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wa UDSM pamoja na wakazi wenyewe wakaingia mitaani, maeneo yanayojaa maji kila masika, wakachora mifereji, nyumba na vichochoro wakaweka kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, kwa kutumia programu huria za ramani kama QGIS. Hospitali na vituo vya afya nchi nzima vinatuma takwimu kwa DHIS2, nayo ni huria. Sisi sio wageni kwenye hili, tuliacha tu kuliendeleza.

Kwenye simu nitakuwa mkweli, hali ni ngumu. Msimbo wa msingi wa Android ni wazi lakini Android unayoishika mkononi imefunikwa na huduma za Google zilizofungwa na juu yake apu za kiwanda ambazo nyingine hazifutiki. Mwaka 2020 watafiti wa Secure-D walieleza kwamba simu za Tecno W2 zilikutwa na virusi vya Triada na xHelper vikiwa vimeingia kabla hata ya mteja kufungua boksi, vinawaunganisha watu na huduma za kulipia, kwenye nchi tano za Afrika zikiwemo Ethiopia na Ghana, na kampuni ikasema ni msambazaji aliyekuwa katikati. Mnunuzi hana pa kuangalia. Kuna LineageOS, Android huria ya kuweka badala ya ile ya kiwanda, lakini simu nyingi tunazonunua hapa hazimo kwenye orodha yao rasmi, na apu nyingi za benki zinagoma zikiona mfumo umebadilishwa. Hela ya simu ndo haina shida, *150*00# haijali simu yako ina mfumo gani. Kwaiyo kwa wengi wetu hatua inayowezekana ni F-Droid, ile stoo ya apu huria iliyoanza 2010, unachukua humo kicheza muziki, kisoma PDF, kinoti, kibodi, vitu ambavyo havina sababu ya kutuma chochote popote. Na hata hiyo iko hatarini, Agosti 2025 Google walitangaza kwamba watengenezaji wote wa apu za Android watalazimika kujisajili kwao ndipo apu iingie kwenye simu ya kawaida, kuanzia Septemba 2026 kwa Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand kisha nchi zingine, F-Droid wakapiga kelele, baadae Google wakasema wataacha mlango kwa watumiaji wazoefu. Tutauona huo mlango una upana gani.

Sasa brauza, na hapa nataka tukae kidogo.

Watu wengi wanadhani wana brauza nyingi za kuchagua. Chrome, Edge, Opera, Brave, Vivaldi, Samsung Internet. Ukifungua boneti zote hizo ndani ni injini moja (sehemu inayosoma ukurasa na kuuonyesha), Blink, ambayo Google waliitenga kutoka WebKit mwaka 2013. Opera walihamia huko mwaka huo huo, Edge ikafuata Januari 2020. Injini kubwa zilizobaki duniani ni tatu, Blink, WebKit ya Apple na Gecko ya Firefox, na kwenye iPhone hata ukidaunlodi Firefox ndani yake ni WebKit, Apple hawaruhusu nyingine isipokuwa Umoja wa Ulaya tangu 2024 na Japani tangu mwisho wa 2025. Mtu atasema Chromium, ule msingi wa Chrome, si msimbo wake uko wazi, tatizo nini? Ni wazi kweli, unaweza kuuchukua. Lakini uelekeo wake anaupanga mmoja, na huyo mmoja anaishi kwa matangazo. Google walipoleta mfumo mpya wa ekstensheni (viongezeo vya brauza), Manifest V3, uBlock Origin kamili, kile kizuia matangazo, ikakatwa kwenye Chrome, zoezi likakamilika 2025, ikabaki toleo lililopunguzwa nguvu. Brauza nyingine zinazotumia injini hiyo zinaweza kuahidi kuendelea na mfumo wa zamani lakini kila Google wakiondoa kipande, wao ndo wanaobeba mzigo wa kukirudisha.

Na kwetu kizuia matangazo sio anasa. Ni bando. Fungua gazeti la mtandaoni kwenye simu bila kizuizi, habari yenyewe ni aya sita, ila kabla haijatulia zimeshushwa video mbili zinazojicheza, mabango yanayojibadili, na vifuatiliaji chungu nzima, vyote umevilipia wewe kwa MB zako. Chrome ya Android haikubali ekstensheni kabisa. Firefox ya Android inakubali, unaweka uBlock Origin kamili, kitu kinachukua dakika moja. Kwa mtu anayenunua bando la siku, hilo peke yake linatosha kuhama.

Najua wengi jibu lao la bando limekuwa Opera Mini, na iliwasaidia watu kweli miaka ambayo intaneti ilikuwa ghali sana. Lakini elewa inavyobana, kwenye ule ubanaji wake mkubwa kurasa zinapita kwenye seva za Opera, zinafunguliwa kule, zinabanwa, ndo zinaletwa kwako, maana yake katikati yako na tovuti kuna mtu anayeweza kusoma. Programu yenyewe imefungwa, huwezi kuikagua, na kampuni ilishauzwa kwa wawekezaji wa China mwaka 2016. Usiingilie benki humo. Na wale wa dirisha la siri la Chrome, kesi iliyofunguliwa Marekani 2020 iliisha kwa Google kukubali 2024 kufuta mabilioni ya rekodi zilizokusanywa watu wakiwa humo humo kwenye siri.

Mozilla, wenye Firefox, nao sio malaika, na ukiwapenda lazima uwaseme. Hela yao nyingi inatoka kwa Google wanaolipia kuwa injini ya kutafutia, na Februari 2025 wakabadilisha masharti yao na kuondoa ile ahadi ya wazi kwamba hawauzi taarifa za mtu, watu wakakasirika mpaka wakayaandika upya. Mimi nilikasirika pia. Lakini angalia tofauti, msimbo wa Firefox ni huria kweli kweli, kwaiyo walipoteleza watu walikuwa na pa kwenda bila kuhama nyumba: LibreWolf, ambayo ni Firefox iliyokatwa utumaji wa taarifa, GNU IceCat, na kwenye simu Fennec ndani ya F-Droid. Debian waliwahi kugombana na Mozilla kuhusu nembo, wakaiita Iceweasel kuanzia 2006 mpaka 2016, brauza ile ile, jina lingine, na hakuna mtumiaji wa Debian aliyekosa brauza hata siku moja. Leseni inapokupa haki ya kuondoka na msimbo, hata mwenye mradi analazimika kukusikiliza.

Kinachoniuma zaidi ni tunavyojifungia wenyewe. Kuna fomu moja ya ofisi hapa mjini niliijaza kwa Firefox mpaka mwisho, kitufe cha kutuma kikawa hakibonyezeki, nikapiga simu nikaambiwa tumia Chrome kaka. Basi. Hakuna anayeona kwamba hilo ni kosa la mfumo. Tulishawahi kufika huku, miaka ya 2002 na 2003 Internet Explorer ilishika zaidi ya asilimia 90 ya watumiaji duniani, na Microsoft walipoona hakuna mshindani toleo la 6 la mwaka 2001 likakaa miaka mitano bila toleo jipya, mtandao mzima ukasimama, mpaka Firefox ilipotoka Novemba 2004. Korea Kusini benki zao zilijengwa juu ya ActiveX, teknolojia ya Internet Explorer, ikawachukua miaka na miaka kujitoa wakati dunia imeshahama.

Vijana mnaotengeneza mifumo ya vyuo, ya halmashauri, ya vicoba, ya hospitali, kuna wengine nawafahamu na kazi zenu ni nzuri, kabla hujakabidhi mfumo ufungue kwenye Firefox, kwenye laptopu na kwenye simu, ujaze fomu mpaka risiti itoke. Ikigoma mahali, mara nyingi ni mistari michache uliyoiandika kwa kitu ambacho kiko Chrome peke yake, na njia ya kawaida inayokubali kote ipo. Na nyie mnaosimamia tenda, liandikeni hilo kwenye mkataba: mfumo usipofanya kazi kwenye Firefox haujapokelewa.